Kisukari cha Ujauzito na Uuguzi Usiokatika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo akina mama, waume zao na wauguzi wanaoanza kazi huyarudia katika kliniki za wajawazito. Majibu yameandikwa kwa kuzingatia mazingira ya Tanzania. Viwango vyote vya sukari vimetolewa kwa milimoli kwa lita. Ikiwa mashine yako inaonyesha tarakimu kubwa kama 95 au 140, gawanya kwa 18 upate kiwango kinachozungumzwa hapa. Maelezo haya hayachukui nafasi ya maelekezo uliyopewa na mtoa huduma anayekufahamu.

## Mambo ya msingi

Kisukari cha ujauzito ni nini?

Ni sukari iliyopanda katika damu na kugunduliwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, bila kufikia kiwango cha kisukari cha kawaida. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama (homoni inayoshusha sukari) ili chakula kingi zaidi kimfikie mtoto. Kongosho la wanawake wengi hufidia kwa kutengeneza insulini zaidi. Lisipoweza kufidia, sukari hupanda, na kwa kawaida jambo hilo huonekana kuanzia wiki ya 24. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba takriban uzazi hai mmoja kati ya sita duniani unaguswa na sukari iliyopanda wakati wa ujauzito, kwa hiyo mama anayeambiwa ana hali hii hayuko peke yake hata kidogo.

Je, nimejiletea mwenyewe kwa kula vitu vitamu?

Hapana. Uzito mkubwa kabla ya mimba, umri, ndugu wa damu mwenye kisukari, au kuwahi kujifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi huongeza uwezekano, lakini wapo wembamba na vijana wanaopata pia. Lawama hii husemwa sana na ndugu nyumbani, na madhara yake ni kwamba mama huanza kuficha vipimo vyake.

Sina dalili yoyote. Wamejuaje?

Wengi hawana dalili, na ndiyo sababu kipimo hufanyika hata kwa anayejisikia mzima. Kipimo kinachotegemewa hufanyika kati ya wiki ya 24 na ya 28: unafika asubuhi ukiwa hujala kwa saa 8 hadi 14, unapimwa, unakunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji, kisha unapimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili ukiwa umetulia kitini. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kufikia kimojawapo cha viwango hivi kunatosha: 5.1 hadi 6.9 kabla ya kula, 10.0 au zaidi baada ya saa moja, au 8.5 hadi 11.0 baada ya saa mbili. Sukari ya 7.0 na kuendelea kabla ya kula, au 11.1 na kuendelea baada ya saa mbili, huhesabiwa kuwa kisukari kamili ambacho huenda kilikuwepo kabla ya mimba.

Mkojo peke yake hautoshi. Mjamzito anaweza kuwa na sukari kwenye mkojo huku damu yake iko sawa, na kinyume chake.

Uuguzi usiokatika maana yake nini hasa?

Maana yake ni kwamba taarifa zako, mpango wako na mtu wa kumuuliza havipotei unapotoka kliniki kwenda nyumbani, unapotoka nyumbani kwenda chumba cha kujifungulia, na unapotoka wodini kurudi kwa familia. Kisukari cha ujauzito hutibika vizuri. Kinachoharibu mara nyingi ni pale mkono mmoja unapoupokeza mkono mwingine mgonjwa bila kuupokeza habari zake.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki: ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Hudhurio la wiki ya 26 huangukia ndani ya kipindi cha kipimo cha glukosi. Hata hivyo, kutoka hapo hadi wiki ya 30 kuna mwezi mzima, na mwezi huo ni mrefu mno kwa mama aliyegunduliwa jana. Ndiyo maana muuguzi anayejua kazi yake hampi mama tarehe ya kurudi tu: humwandikia namba ya kupiga, humtaka apeleke vipimo baada ya wiki moja au mbili, na pale inapowezekana humkabidhi kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeishi karibu naye.

## Kati ya kliniki na nyumbani

Nipime mara ngapi, na sukari inapaswa kuwa ngapi?

Mpango wa kawaida mwanzoni ni mara nne kwa siku: asubuhi kabla ya kula, na baada ya kila mlo mkuu. Viwango vya Chama cha Kisukari cha Marekani, vinavyotumika katika nchi nyingi, ni chini ya 5.3 kabla ya kula, chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, au chini ya 6.7 saa mbili baada ya kula. Saa huhesabiwa tangu ulipoanza kula, si ulipomaliza.

Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kabla ya kutoboa kidole. Mkono ulioshika embe au tende hutoa kipimo cha uongo, na mama amewahi kuongezewa wasiwasi bure kwa sababu ya utomvu wa tunda. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni machache kuliko katikati.

Muuguzi anaangalia nini kwenye daftari langu?

Anatafuta mtiririko, hakamatwi na tarakimu moja. Chukua mfano wa daftari lenye vipimo vya alfajiri vya siku nne mfululizo: 5.0, 5.2, 5.6, 5.8. Vipimo vya baada ya kula vyote viko kati ya 6.1 na 7.2 kwa saa moja, isipokuwa Jumamosi jioni ambapo kuna 9.4 na pembeni pameandikwa «harusi». Macho ya asiyezoea hukimbilia 9.4. Muuguzi aliyezoea ataiacha ile 9.4, kwa kuwa sababu yake inajulikana na haijarudi, na atashughulikia zile za alfajiri, kwa sababu zinapanda taratibu wakati mama hali chochote usiku. Huko hakuna wali wa kupunguza. Huenda ni suala la kuanza insulini ya usiku, na mama anapaswa kuonana na daktari siku chache zijazo badala ya kusubiri tarehe iliyo kwenye kadi.

Kwa hiyo andika ulichokula pembeni ya tarakimu, na usirembe daftari. Daftari ambalo kila siku lina 5.0 na 6.5 bila kubadilika humtia muuguzi shaka, naye ataomba kuona kumbukumbu iliyomo ndani ya mashine.

Vijiti vya kupimia ni ghali. Nifanye nini?

Mwambie muuguzi mapema kuliko kuacha kimya. Kwa anayetibiwa kwa chakula pekee na ambaye sukari imetulia, vipimo viwili kwa siku vinaweza kutosha: kimoja cha alfajiri, na kingine baada ya mlo mmoja unaozunguka, leo kifungua kinywa, kesho chakula cha mchana, keshokutwa cha usiku. Anayetumia insulini hapaswi kupunguza vipimo bila kukubaliana na anayemtibu. Asiye na mashine kabisa apangiwe kupita zahanati iliyo karibu, mara moja au mbili kwa wiki, matokeo yaandikwe kwenye kadi.

Je, niache ugali, wali na ndizi?

Usiache. Mjamzito anahitaji wanga, na kuuondoa wote humfanya mama awe na njaa na mwili wake uanze kuchoma mafuta kupita kiasi. Kinachobadilika ni kiasi, aina na mwenzake sahanini. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha, matembele, kisamvu au bamia. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, mayai au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali wa dona, wali, ndizi, viazi au mihogo. Dona hupandisha sukari polepole kuliko sembe. Uji mwepesi wa sembe uliotiwa sukari, ambao wajawazito wengi hushauriwa kunywa «upate nguvu», huingia kwenye damu haraka sana, na asubuhi ndipo mwili wa mjamzito unapovumilia wanga kwa shida zaidi.

Soda, juisi hata ya matunda halisi, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari ndiyo mambo ya kwanza kuondoa, kwa maana faida yake huonekana ndani ya siku chache. Tunda zima kwa kiasi, katikati ya milo, halina tatizo.

Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula hushusha sukari ya mlo huo, ilimradi daktari hajakukataza.

Nimeanzishiwa insulini. Je, hali imekuwa mbaya, na nitaitumia maisha yote?

Hapana kwa yote mawili. Insulini huanzishwa pale chakula na mazoezi ya wiki moja au mbili yasipotosha, na hilo hutegemea zaidi kondo kuliko juhudi za mama. Haivuki kondo kumfikia mtoto, na sindano ya tumboni haimgusi, kwa kuwa sindano huishia kwenye mafuta chini ya ngozi. Metfomini, dawa ya kumeza ya kushusha sukari, pia hutumika, lakini yenyewe huvuka kondo, hivyo uchaguzi hufanywa na daktari. Mahitaji ya insulini kwa kawaida huongezeka hadi wiki za mwisho. Kuongezewa dozi kila baada ya muda ni jambo linalotarajiwa. Kinachotakiwa kukushtua ni dozi kutohitajika tena ghafla, sukari ikishuka yenyewe katika wiki za mwisho: toa taarifa siku hiyohiyo.

Mdalasini, mlonge na dawa nyingine za kienyeji zisichukue nafasi ya dawa. Ukizitumia, sema. Muuguzi anayekaripia hataambiwa tena, na hilo ni kosa la muuguzi.

Sina friji. Insulini nitaihifadhije?

Chupa ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, hivyo unaweza kuomba kituo kikutunzie akiba na uchukue moja moja. Ikiganda haifai tena. Iliyoanza kutumika kwa kawaida hudumu takriban wiki nne nje ya friji mahali penye ubaridi pasipopigwa na jua.

Njia ya vyungu viwili hufanya kazi vizuri: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati yake, kitambaa chenye maji juu, kivulini penye upepo. Mwaka 2021 watafiti wa Médecins Sans Frontières (shirika la Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kuweka insulini kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, mfano wa joto lililopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Baada ya wiki nne dawa ilikuwa na nguvu ileile. Habari hiyo imewaondolea wengi hofu, ingawa si ruhusa ya kuiacha dirishani.

Nitajuaje sukari imeshuka mno?

Hutokea zaidi kwa anayetumia insulini: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Sukari ikiwa chini ya 3.9, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda, kisha kula kitu. Wa nyumbani wafundishwe pia, na wasimnyweshe chochote aliyepoteza fahamu. Huyo anapelekwa hospitali mara moja.

Ni wakati gani nisisubiri tarehe ya kliniki?

Nenda kituoni siku hiyohiyo ukiona mtoto anacheza kidogo kuliko kawaida yake, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, uvimbe wa uso na mikono, maumivu ya juu ya tumbo, kutokwa damu au maji, kutapika kusikokoma, au vipimo kadhaa mfululizo vilivyo juu ya 11. Kisukari cha ujauzito huongeza uwezekano wa shinikizo la damu linaloweza kufikia kifafa cha mimba, kwa hiyo kichwa kuuma kusipewe panado na kusahauliwa.

## Kujifungua

Je, naweza kujifungulia zahanati, na lazima nifanyiwe upasuaji?

Upasuaji si lazima. Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Mahali pa kujifungulia ndipo pa kuzingatia. Mama anayetumia insulini, mwenye shinikizo la damu, au ambaye mtoto anaonekana mkubwa, ajifungulie kwenye kituo cha afya au hospitali yenye upasuaji na huduma ya watoto wachanga, kwa sababu mtoto mkubwa anaweza kukwama mabega. Makadirio ya kilo 4.5 na zaidi ndiyo huwafanya madaktari wengi wazungumze na mama kuhusu upasuaji uliopangwa. Anayetumia insulini mara nyingi hupangiwa kuanzishiwa uchungu karibu na wiki ya 39. Aliyedhibiti kwa chakula anaweza kusubiri uchungu wake, ila asivuke wiki ya 41.

Mpango huu uandikwe kwenye kadi kufikia wiki ya 36: kituo, nauli, atakayekusindikiza, dozi ya mwisho ya insulini. Maneno «kisukari cha ujauzito» yawe kwenye ukurasa wa mbele. Mkunga wa zamu ya usiku hana muda wa kupekua.

Nini kitatofautiana kwenye chumba cha kujifungulia?

Anayetumia insulini hupimwa kila saa, lengo likiwa kati ya 4.0 na 7.0, kwa kuwa sukari ya juu wakati wa uchungu humfanya mtoto azaliwe akiwa na insulini nyingi, na sukari yake ikashuka muda mfupi baadaye. Sema mapema lini ulichoma sindano na lini ulikula.

Kwa nini wanamtoboa mtoto kisigino?

Ndani ya tumbo alizoea sukari nyingi. Kitovu kikikatwa, sukari hiyo hukoma lakini insulini yake hubaki kwa muda. Awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anyonye dang'a ndani ya saa ya kwanza, kisha kila saa 2 hadi 3. Hupimwa saa 2 hadi 4 baada ya kuzaliwa na kabla ya kunyonya. Vituo vingi huchukua hatua ikiwa chini ya 2.6. Asiogeshwe siku hiyo, kwani baridi hutumia sukari yake. Kutetemeka, kulegea, kukataa ziwa au kupumua kwa shida kuripotiwe papo hapo. Usikubali aondolewe wodini kabla ya saa 24, hata kama nyumbani wageni wameshajaa.

## Baada ya kujifungua

Je, niendelee na insulini na mlo ule?

Kwa kisukari cha ujauzito insulini husimamishwa mara kondo linapotoka, na sukari hupimwa kabla ya kuondoka hospitali kuhakikisha imeshuka. Kunyonyesha husaidia mama na mtoto. Mtori na supu havina neno. Uji wa uzazi wenye pilipili manga nao unafaa, ukipunguzwa sukari. Hapa muuguzi azungumze na bibi au shangazi anayepika, maana mzazi katika arobaini yake hana sauti jikoni.

Kwa nini nirudi kupimwa ilhali sukari imekwisha?

Kwa sababu uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye ni mara saba hadi kumi ukilinganisha na mwanamke ambaye hakuwa na hali hii. Kipimo kilekile cha gramu 75 hurudiwa wiki 4 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha sukari hupimwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yote. Vigezo sasa ni vya mtu asiye mjamzito: 7.0 kabla ya kula au 11.1 baada ya saa mbili ni kisukari.

Hiki ndicho kiungo kinachokatika kuliko vyote, na dawa yake ni rahisi. Mtoto huletwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mahudhurio mawili ya kwanza yamo ndani ya muda wa kipimo cha mama. Muuguzi aliyeandika «mama apimwe sukari, aje hajala» kwenye kadi ya mtoto amemaliza kazi ambayo simu nyingi hazingemaliza.

Ujauzito ujao itakuwaje?

Mara nyingi hali hurudi. Panga uzazi, pima sukari kabla ya kushika mimba, na hudhurio la kwanza kabisa sema historia yako ili upimwe hapo hapo bila kungoja wiki ya 24.

## Hali za pekee

Je, naweza kufunga Ramadhani?

Ushauri wa kitabibu ni kutofunga, hasa kwa anayetumia insulini. Ruhusa ya mjamzito na mgonjwa inafahamika, na sheikh atakueleza namna ya kulipa. Anayeamua kufunga hata hivyo aonane na mtoa huduma kabla ya mwezi kuandama ili dozi zipangwe upya. Wanazuoni wengi hawaoni kutoboa kidole kuwa kunabatilisha saumu. Fungua mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7, au mtoto akipunguza kucheza, hata kama adhana ya magharibi iko karibu. Futari ya tambi, tende na uji mtamu kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa mlo mmoja.

Nina malaria na siwezi kula. Niache insulini?

Usiiache kwa uamuzi wako, kwa kuwa homa hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Pima kila baada ya saa chache, kunywa maji, na uende kituoni, ambako mkojo utapimwa ketoni, mabaki ya mwili kuchoma mafuta. Malaria ya mjamzito yenyewe haisubiri.

Nina selimundu au upungufu wa damu. Je, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kinafaa?

Hakitegemewi, kwa sababu kinategemea uhai wa chembe nyekundu za damu, ambao hubadilika katika hali hizo na hata katika ujauzito wenyewe. Tumia vipimo vya kidole na kile cha glukosi.

Nimechomwa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto na sukari imeruka.

Hilo hutarajiwa kwa siku kadhaa. Unapaswa kuwa wodini ukipimwa mara kwa mara, na dozi ya insulini kuongezwa kwa muda.

Nakwenda kujifungulia kwa mama yangu mkoani.

Nenda kabla ya wiki ya 36, ukiwa na kadi, daftari, mashine na dawa za kutosha, na barua ya rufaa yenye dozi zako. Piga picha kurasa hizo kwa simu. Muuguzi wako apige simu kwenye kituo unakokwenda, nawe ufike kujiandikisha ndani ya wiki ya kwanza.

Mtoto hakubaki hai. Je, bado napaswa kurudi?

Ndiyo. Mama huyu hana kadi ya chanjo ya kumrudisha kituoni, kwa hiyo tarehe yake ya kipimo iandikwe kabla hajaondoka wodini, kwa jina lake mwenyewe, na muuguzi mmoja anayejulikana ampigie wiki moja kabla. Apangiwe kwenye kliniki ya kisukari au chumba cha wagonjwa wa nje, si kwenye benchi la kliniki ya watoto, na sababu yake iwe imeandikwa kwenye faili ili asilazimike kuieleza upya mapokezi.